Magauni Mawili ya Kipimo Kimoja

Jirani yangu hapa Kawempe hukaanga simsim asubuhi, na harufu ile ikipenya dirishani nasahau nilichokuwa nikifanya. Namkumbuka Apiyo, pacha wangu, siku aliposhuka kwenye basi la Gulu na kifurushi cha simsim ya Bibi kwapani.

Tulizaliwa tukifanana hata Mama akatufunga nyuzi mikononi, nyekundu kwake, nyeupe kwangu, asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Baba alikuwa polisi, chumba chetu cha kambini kilikuwa kimoja tu, nami nilikuwa mtoto wa kuuguaugua. Basi Bibi akamchukua Apiyo akamlee kijijini. Simlaumu mtu. Labda nami ningefanya vivyo hivyo.

Aliporudi tulikuwa na miaka minane. Kwetu mapacha hupewa vitu sawa, mmoja asije akaugua kwa uchungu. Kwa hiyo kabla hajafika, Mama alinipeleka kwa Mama Furaha, fundi cherehani Mkongomani aliyeshonea barazani, akaagiza magauni mawili. Nikapimwa mimi peke yangu.

"Wa pili nimpimie nini, mama? Si mapacha hawa?" fundi akasema.

Hakukosea sana. Nani angejua?

Apiyo alikuwa amenipita kichwa kizima, ngozi imeiva kwa jua, mabega mapana ya kubeba maji. Mimi nilikuwa kijiti, mtoto wa malaria na ugali mtupu wa posho. Alipolivaa, gauni likalia kraa mgongoni, na majirani wakaangua kicheko.

"Mapacha gani hawa? Mmoja mnara wa redio, mwingine kigoda!"

Nami nikacheka. Mtanihukumu mnavyotaka. Nadhani niliona afadhali wamcheke yeye kuliko mimi.

Apiyo akalivua, akalikunja taratibu. "Mama, nirudishe kwa Bibi."

"Utakaa hapa, binti yangu. Huyu ni pacha wako."

Akanitazama. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Nilitaka abaki, Mungu anajua, ila nilingoja aseme yeye kwanza. Jumapili akapanda basi.

Niliishia darasa la saba, huenda nakosea. Lakini nimewahi kupanda mahindi ya gunzi moja, mengine kivulini mwa ukuta, mengine penye samadi, nikaona yalivyopishana. Mbegu ile ile. Urefu wa Apiyo ungeweza kuwa wangu, kama ningekunywa maziwa ya kwa Bibi na kulala mbali na mtaro wa kambi.

Kuna jambo moja tu ambalo sipati udongo wa kuusingizia. Juzi, sisi wenye wajukuu sasa, Apiyo aliniambia kwenye simu kwamba siku ile ya magauni alikuwa akisubiri neno langu. Moja tu. Nikamwambia nami nilikuwa nikisubiri lake. Yeye kalelewa shambani, mimi kambini, na hakuna aliyetufundisha kunyamaza namna ile. Tukacheka, kisha tukaulizana habari za wajukuu, simu masikioni, na hakuna aliyesema, "Njoo."