Mshika Mpira wa Maji

Mke wa Bingwa alianza kazi ya kukwangua boti baada ya mumewe kushindwa kupanda ngazi za nyumbani kwao bila kupumzika katikati.

Bingwa ndiye aliyekuwa mkwanguaji wa karakana ya boti. Chini ya boti hupakwa rangi yenye sumu, ili kombe na mwani wasishike. Rangi hiyo ikichakaa, sharti itolewe kabla ya kupaka mpya. Bingwa aliitoa kavukavu, kwa mashine ya grenda, vumbi jekundu likimpanda hadi kwenye kope. Wenzake walipomhimiza avae barakoa, aliwajibu, "Mimi si bibi harusi wa kufunikwa uso." Wakacheka, naye akaendelea. Kikohozi alikificha mpaka mkewe alipokisikia nyuma ya mlango wa bafu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bahati yake, daktari aliwahi. Vumbi, akaambiwa, basi.

Tangu hapo alishinda sebuleni, akiigeuzageuza rimoti mkononi na televisheni imezimwa. Dawa zilikituliza kifua. Mkewe sasa alimhofia mtu mwenyewe, maana alikuwa akififia pale kitini.

Yeye mke alikwangua kwa mkono, boti ikiwa imelowa chapachapa, ili rangi idondoke kama tope juu ya turubai badala ya kupeperuka. Alihitaji mtu wa kuimwagia maji kwa mpira. Alimwomba fundi mkuu mumewe aifanye kazi hiyo, naye akakubali.

"Njoo unishikie mpira," alimwambia mumewe.

"Mimi? Watu waseme mke anapiga kazi, mume anamwagilia bustani?"

"Waseme. Midomo ni yao, mapafu ni yako."

Akaenda, amenuna.

"Bingwa!" fundi wa mbao, mwenye kipara, alimpokea kwa kelele. "Hiyo boti ikichanua maua utuite!"

"Nitaanza na kichwa chako. Huenda kikaota kitu."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mkewe akainamisha uso afiche tabasamu. Muda mrefu hakuwa amemsikia akijibu mtu. Hata mumewe alipomlowesha kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, mke alisema tu, "Baba watoto, chafu ni boti."

Kazi ilikwenda polepole. Ubavu wa boti ulipokaribia kuwa safi, fundi mkuu alileta kopo la rangi mpya. Desturi ya karakana ile ni kwamba aliyekwangua ndiye anayepiga brashi ya kwanza, wengine wakisubiri. Mke wa Bingwa aliipokea brashi, akamnyoshea mumewe.

Bingwa hakuigusa. "Sijakwangua. Siwezi kuchukua haki ya mtu."

Alisema kweli, na mimi nasema alisema vema. Heshima ya kuonewa huruma haimsimamishi mtu. Lakini mkewe aliuona mkono wake ukirudi mfukoni, akadhani amempeleka kule kuaibika tu.

Bingwa aliinama. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, kulikuwa na kiraka cha rangi kuukuu, upana wa kiganja.

"Mama watoto, barakoa yako ya akiba iko wapi?"

Akaivaa mbele ya watu wote, akakaza mikanda yake.

"Jamani, bibi harusi huyo!" fundi wa mbao alipaza sauti.

"Ndiye," Bingwa alijibu ndani ya barakoa. "Na wewe huna mwaliko."

Mkewe akashika mpira. Bingwa akakwangua, akatua kuvuta pumzi, akakwangua tena. Hakuna aliyemharakisha. Kiraka kilipoisha alivua barakoa, akaifuta, akanyosha mkono kuomba brashi. Mstari wake wa kwanza ulipinda kidogo, nao uliachwa hivyo hivyo.

Jioni, kwenye ngazi za nyumbani, alisimama katikati kupumzika, kama ilivyo kawaida yake. Mkewe alisimama naye.

"Kesho," Bingwa akauliza kabla pumzi haijamrudia sawasawa, "tunaanza boti ipi?"