Vyungu vya Kwa Mzee Maganga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kufunga, nikavivua kabla jua halijapanda. Mchanga wa upande wetu wa Igalula hauna heshima kwa viatu. Afisa Mtendaji wa Kijiji alikuwa ameniteua nimtembeze karani wa sensa nyumba kwa nyumba, kwa sababu mbili: nilimjua kila mtu, na sikuogopa mbwa wa mtu. Kusoma nimesoma ngumbaru tu, kile kisomo cha watu wazima. Lakini miguu nilikuwa nayo, na mdomo pia.

Karani alikuwa Mwalimu Zuhura, binti wa mtaa wa Cheyo, pale Tabora mjini, kwao washonaji wa kanzu toka enzi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mshono wa baba yake. Kinyamwezi alijua neno moja, mwangaluka, salamu ya asubuhi, na alimwamkia mtu nayo hata jua likizama.

Msimamizi wa Sensa wa Kata, mwanamume mrefu mwenye sauti ya muadhini, alituweka chini ofisini kwanza.

"Sikilizeni. Kaya si nyumba. Kaya si uzio. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Ndani ya uzio mkiona vyungu vitano, hizo ni kaya tano. Mmenielewa?"

Tukaitikia tumeelewa. Mimi moyoni nikasema, hapa sasa pana kazi.

Ninyi vijana mnaosoma haya mtauliza kazi gani. Kwa Kinyamwezi, kaya ni mji wa mtu: mzee, wake zake, wana waliooa, wajukuu, maghala, zizi, vyote pamoja. Kumuuliza mzee ana kaya ngapi ni kama kumuuliza ana vichwa vingapi. Hesabu ya nyuma ilipopita, kila mzee alijibu moja, na moja ikaandikwa. Baadaye Afisa Mipango akaja mkutanoni akatuambia bila kuficha: "Akina mama, mipango ya maji inapangwa kwa idadi ya kaya. Zenu hazifiki kiwango cha kuchimbiwa kisima cha pampu. Wanaofuata ni wenzenu wa ng'ambo ya reli."

Sisi tukaendelea kuchota mbugani, kwenye vidimbwi tulivyogombea na ng'ombe. Mwaka mmoja mimi na jirani yangu tulibeba watoto wetu wanaharisha, tukaenda zahanati pamoja. Mimi nilirudi na wangu. Yeye alirudi na kanga tupu. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kumtembeza karani, nilijiapiza kwamba safari hii vyungu vyote vya kijiji vitahesabiwa.

Tulianza kwa Mzee Maganga. Sikuchagua kwa bahati mbaya. Alichojibu yeye, wazee wote wangejibu hicho hicho. Tulimkuta amekaa kibarazani anatafuna matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Kalunde. Na huyu mgeni wako wa mjini, marahaba."

Zuhura akauliza kaya ina watu wangapi, mzee akaanza kuwataja wote, mkubwa hadi mchanga, kwa fahari. Mwalimu akatazama nyuma ya nyumba, akaona moshi unapanda huku na huku.

"Baba, naona majiko mengi. Itabidi niandike kila chungu peke yake, kila kimoja kaya yake."

Mzee akaacha kutafuna. "Nimekufa lini?"

"Baba?"

"Mji unagawanywa baba akishazikwa. Wewe umekuja na kalamu kugawa mji wangu nami nimekaa hapa natafuna. Nauliza, nimekufa lini? Halafu kuhesabiwa kwenyewe tunakujua. Babu yangu alihesabiwa kwenye njia hii hii, kichwa kimoja mzigo mmoja, akapelekwa pwani na meno ya tembo. Mpaka leo tunamsubiri."

Zuhura akaniinamia sikioni. "Mama Kalunde, tuandike moja twende. Mimi siwezi kumvunjia heshima mzee."

"Ukiandika moja hapa, mwanangu, kijiji kizima ni moja. Tutakunywa na ng'ombe mpaka tufe."

Nikamgeukia mzee. Nilijua siwezi kumshinda kwa hoja ya kiwango cha kisima. Kwetu, mke mpya huanza kupika kwenye jiko la mama mkwe. Akishakomaa, baba mkwe ndiye anayeamuru apewe mafiga yake matatu na chungu chake. Bila neno la mwenye mji, hakuna moshi mpya.

"Baba, Nyamizi, mke wa mwanao mkubwa, mafiga alipewa na nani?"

"Na mimi. Nani mwingine?"

"Na yule anayemfuata?"

"Mimi."

"Basi huyu mwalimu hagawi mji wako. Anaandika ulivyougawa mwenyewe, ukiwa hai, ukiwa na nguvu zako. Sasa atembezwe na nani, na mimi mpita njia, au na mwenye mji?"

Mzee akageuza macho kuelekea majikoni. Kisha mkewe mkubwa akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba Shija, nenda nao basi! Unataka wageni walale hapa? Mboga yenyewe, hii nsansa ya kukausha, ni ya kuhesabu!"

Mzee akachukua fimbo yake, akainuka. Jiko kwa jiko alitutembeza, anagonga kila chungu kwa fimbo: "Huyu nilimpa mimi. Andika. Na huyu nilimpa mimi. Andika." Tulipofika kwa mwanawe wa mwisho, akatema mate pembeni. "Huyu muandike kwa mama yake. Ameoa, lakini bado ananyonya."

Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Jirani mmoja aliyekuwa akichungulia akadakia, "Mama Kalunde, naye muandikie chungu, kisima kije haraka!"

"Kiko wapi nikione?"

"Kitanunuliwa mnadani."

"Kikinunuliwa kitahesabiwa."

Sikuwa na utani. Msimamizi hupita nyuma ya karani na kuuliza upya baadhi ya nyumba, ndio wanaita uhakiki. Akikuta chungu kimoja cha uongo, ataacha kuamini vyote, vya kweli pamoja. Nisingeacha kichekesho cha mtu mmoja kituchomee kijiji.

Habari za kwa Mzee Maganga zilitutangulia. Miji iliyofuata, wazee walitusubiri wakiwa na fimbo mkononi.

Baada ya hapo nilikwenda Urambo kwa binti yangu, na Mganga wa Zahanati wa kule akanipa kazi ya kuandikisha kaya za kugawiwa vyandarua. Jioni moja alinigombeza: "Bibi, nyumba nyingi umeziacha wazi kwenye daftari! Watu wamekwenda wapi?" Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Moto wa bani, lile banda la kukaushia, haufai kuachwa, hivyo familia zilihamia hukohuko na sufuria zao. Nilimwomba baiskeli na mtu wa kuiendesha, tukawafuata mabanini.

Niliporudi nyumbani nilichaguliwa mwenyekiti wa kitongoji. Afisa Mipango akaja tena, huyu mwingine, mwanamke, na takwimu zetu mpya. "Mmefikia kiwango," alisema. "Kisima ni kimoja. Nionyesheni kiwe wapi."

Watu wote wakanitazama mimi. Wengine walishakubaliana kiwe karibu na uwanja wangu, eti heshima ya kazi. Nikamwambia afisa afungue hesabu, tusomewe vyungu kitongoji kwa kitongoji. Vilivyokuwa vingi vilikuwa upande wa juu, mbali na kwangu. Nikasema kichimbwe huko.

Sasa nimestaafu. Magoti hayataki tena mchanga, na makarani wa leo wanatembea na vishikwambi. Waacheni watembee navyo, ila wawaulize watu kwa maneno yanayoingia. Watoto wa kijiji hiki wananenepa, namshukuru Mungu. Wajukuu zangu, wakirudi na ndoo kichwani kutoka kule juu, hunilalamikia: "Bibi, wewe ndiye ulikuwa mwenyekiti. Mbona hukulivuta bomba kwetu?"

Nawajibu, kwetu vyungu vilikuwa vichache. Haya, tueni ndoo, msimwage.