Plagi ya Tatu

Shemeji yangu alijua neno moja la kuua gari, akalitumia kwa pikapu yangu. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, fundi wa magari kando ya barabara huko Kawangware. Mimi nilikaa mtaa wa Laini Saba. Mume wangu alipofariki niliiendesha pikapu mwenyewe, nikiwabebea wafanyabiashara wa Soko la Toi marobota yao ya mitumba, na watoto wakala. Shemeji hakufurahia. Aliitaka gari ya kaka yake, lakini kuiomba mbele ya watu aliona haya, basi akajitolea kuifanyia sevisi bure.

Siku niliyoichukua kutoka kwake, ilitoka ikilia tik-tik-tik, na kwenye kilima ikawa inamisi, inashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Nikageuza nikamrudishia. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho.

"Shem, hii imenoki," akasema. "Pole sana."

Asiyeijua Nairobi ya miaka ya tisini hawezi kuelewa neno hilo lilivyotisha. Gari iliyonoki imelika huko chini kabisa, kwenye beringi, na kuitengeneza ni sawa na kununua injini nyingine. Fundi akishatamka hivyo, nani atabisha? Akaniambia nisijisumbue, ataichukua yeye kwa bei ya chuma chakavu, "sababu wewe ni familia." Nilipofika Toi, habari ilikuwa imenitangulia.

"Mama, nasikia gari imenoki? Wacha tu nitafute mwingine," akaniambia mteja wangu wa miaka mingi, hata bila kunitazama.

Nilirudi nyumbani, nikaiacha injini ikiwaka. Nilifungua boneti nikasikiliza. Marehemu alinifundisha kwamba kunoki hutoka chini, kishindo kizito, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Hii ilikuwa juu, nyepesi, na nyuma yake kulikuwa na pumzi, fss, fss. Nikazishika waya za plagi, vile vijiti vinavyowasha petroli katika kila silinda, kwa ndara kuukuu ili umeme usinipige, nikazichomoa moja moja injini ikiwaka. Nilipotoa ya kwanza, injini ilitetemeka karibu izime. Nikairudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika, maana silinda ile haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Nikachota maji ya sabuni kwenye beseni la nguo, nikayadondosha shinani mwa plagi ile. Yakatoa povu.

Nilizima, nikaacha ipoe, nikaishika plagi. Ilizunguka kwa vidole. Zile nyingine zilikuwa zimekazwa hata spana ilinitoa jasho. Pumzi ya injini ilikuwa inavujia hapo tu. Na shemeji, mwenye sikio la kazi hiyo, alisikiliza kisha akasema imenoki.

Nilimchukia, na chuki ile ilinipa nguvu. Niliikaza plagi, injini ikatulia, kisha nikailegeza tena kama alivyoiacha. Sikutaka gari ipone kwa siri. Nikampelekea ujumbe kwamba aje Jumapili baada ya kanisa aichukue, na aje na mama yake, ambaye alikuwa akikaa kwake tangu mazishi.

Walikuja. Kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa mlangoni kwangu, niliwaalika chai makusudi. Nikawasha gari.

"Hebu waambie, shemeji, ina nini?"

"Imenoki," akasema kwa huzuni ya kanisani. "Hata mlete fundi gani, hii imeenda."

Nikamwaga maji ya sabuni, povu likapanda mbele ya macho yao. Nikazima, na ilipopoa nikamwomba mama mkwe aishike plagi ile. Vidole vyake vya kupukuchua mahindi viliizungusha bila taabu. Nikaikaza kwa spana, nikawasha, ikanguruma laini. Mwanamke mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Nilifurahi mno, na nikikumbuka uso wa shemeji bado nafurahi.

Mama mkwe hakucheka. Aliingia kwenye pikapu, akaniambia nimpeleke Kawangware akachukue nguo zake, hatalala tena katika nyumba ile. Tulipokuwa tukirudi, kifurushi chake kikiwa mapajani, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, si pengine alisahau tu kuikaza?"

Alikuwa amezika mwana mmoja, na huyu ndiye aliyebaki. Alikuwa ananiomba nimrudishie mwanawe. Kuitikia tu kungetosha, na nilijua hivyo.

"Hakusahau, mama," nikamwambia.