Waya Uliombeba Bintiye

Pale karakana ya walinzi wa pwani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Waya, basi. Kazi yake ilikuwa kukagua waya wa winchi, ule unaoning'inia chini ya helikopta na kumteremsha mwokoaji baharini. Wenzake waliuvuta wote nje, naye akaupitisha mkononi taratibu kwa kitambaa cha pamba. Uzi mmoja tu wa chuma ukikatika, kitambaa hunasa, na waya huo haupandi tena angani.

Bintiye wa pekee alikuwa mwokoaji, ila kwenye kituo cha mbali kusini. Likizo zilikuwa haba. Simu zilikuwapo, lakini simu haikumbatiwi, nani asiyejua hilo? Mara nyingine mama alijikuta amepika chakula cha wawili, kesho yake akala kiporo huku akijicheka.

Wiki hiyo helikopta ya kusini ililetwa kufanyiwa matengenezo.

"Ijumaa tunakuja kuichukua, Mama, nitalala kwako," binti alisema kwenye simu. "Ikichelewa ndiyo basi. Jumamosi tunaenda mafunzo ng'ambo, miezi sita. Wataichukua wengine."

Mama Waya akatandika kitanda siku hiyohiyo.

Alhamisi aliukagua waya. Kitambaa kilipita laini mpaka kwenye ndoano. Kazi imekwisha, lakini mkono ulikataa kuuachia. Si huu ndio uliombeba mwanawe juu ya maji yote yale? Akaanza kuupitisha tena, safari hii akirudi nyuma kutoka kwenye ndoano, polepole, kama anayemsuka mtoto nywele.

"Mama Waya," mkuu wa karakana akamtania akipita, "unaukagua au unaukanda?"

"Niache na waya wangu, baba."

Hapo kitambaa kikanasa.

Kilikuwa kiuzi chembamba kama unywele, kimelala upande mmoja. Ukienda mbele hukisikii, ukirudi kinakushika. Waya mpya ungefika wiki ijayo. Mkuu alikuwa ameshampa mgongo. Kitambaa angeweza kukichomoa tu, akakunja mikono, akaenda zake nyumbani kumngoja mwanawe. Roho ilimuuma kwelikweli. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengine wanasikia tu.

Akapiga moyo konde.

"Mkuu! Huu hauruki."

Jioni simu ililia. Binti hata salamu hakutoa.

"Mama, wameniambia ni wewe uliyeukataa."

"Ni mimi."

"Miezi sita, Mama! Kwa kiuzi kimoja? Kimoja tu?"

Mama Waya alikuwa ameketi ukingoni mwa kile kitanda, akinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo wowote.

"Mwanangu," alisema, "na mimi ninaye mmoja."