Honi Mbili Penye Njiapanda

Mtaani walimwita Honi Mbili, na jina hilo alilifanyia kazi. Kwa miaka ishirini na miwili, kila aliporudi safari, akifika kwenye njiapanda yenye duka la saruji alipiga honi mara mbili, fupifupi. Nyumba ya tano kutoka pale, mkewe akisikia tu, anabandika maji ya kuoga. Mpaka Honi Mbili aegeshe lori kwenye yadi ya kampuni na kurudi nyumbani kwa miguu, maji yameshachemka. Majirani walitania kwamba mama yule hakuolewa na mtu, aliolewa na honi.

Mama yule alifariki, na kabla likizo ya msiba haijaisha kampuni nayo ikafungwa. Honi Mbili alikuwa na miaka hamsini na saba. Alizunguka kampuni nne kuomba kazi, na zote zilimjibu kwa adabu ileile, kwamba mzee ameshafanya kazi vya kutosha, akapumzike. Apumzike na nani? Nyumba ilikuwa imemshinda. Akikaa kitini anatazama mlango wa jiko, akilala anageukia upande usio na mtu. Usukani ndio uliobaki. Kampuni ya tano ilimkubali kwa sharti: siku tatu za mafunzo ya kuingia kazini, ya tatu ikiwa jaribio la barabarani. Akishindwa, ndiyo basi. Ya sita hakuna.

Siku ya kwanza walikaa madereva kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, chini ya feni iliyozunguka kwa kulazimishwa. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa rika la binti yake, na wote walimwita Mwalimu. Wakajaza fomu. Penye hali ya ndoa palikuwa na visanduku vinne. Honi Mbili alivitazama, akaviruka, akajaza kurasa zote zilizobaki, ndipo akarudi kuweka alama pale alipopakimbia.

Siku ya pili ilikuwa ya masharti. Kampuni hizi mpya zinataka dereva aendeshe kama amebeba mayai hata akiwa amebeba mawe, na kamera iko juu ya kioo, inamtazama kama mama mkwe.

"Na honi," Mwalimu akasema, "ni ya hatari tu. Si ya salamu, si ya rafiki, si ya mchumba. Ukiipiga ovyo, kamera inatuma taarifa makao makuu papo hapo."

"Na mke je, Mwalimu?" akauliza dereva mmoja mwenye kipara.

"Mke mpigie simu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Honi Mbili naye akacheka, kwa kuwa mgeni wa kazi hacheki peke yake wala hanuni peke yake.

Siku ya tatu aliwaonyesha kwamba ng'ombe hazeeki maini. Aligonga matairi yote kwa nyundo, akisikiliza moja moja. Akalirudisha tela katikati ya mapipa mara moja tu, bila kurekebisha. Mwenye kipara alikuwa ameyaangusha mapipa mawili, akapiga makofi bila wivu. Barabarani alishuka mteremko kwa gia, breki akaigusa kwa nadra, na Mwalimu pembeni yake akawa anaandika huku akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Wakarudi kwa barabara kuu. Mbele ikatokea njiapanda yenye duka la saruji. Tangu mazishi hakuwahi kupita pale akiwa juu ya lori. Alikuwa akiwaza gia, hakuwaza kingine. Mkono ukamtangulia. Honi, mara mbili, fupifupi.

"Mzee, umeona nini?" Mwalimu akashtuka. "Mbona barabara nyeupe?"

Honi Mbili alishika usukani kwa mikono miwili mpaka yadini, macho yamejaa machozi, na bado akaegesha vizuri.

Ofisini alipewa karatasi ya maelezo. Palipoandikwa "sababu ya kupiga honi" akaandika ukweli: kumjulisha mke wangu kwamba nimefika.

Mwalimu akasoma. "Kumbe mama anakaa pale?"

"Alikuwa anakaa. Mara ya mwisho nilipiga honi hivyohivyo, nikarudi na mfuko wangu begani. Simu ilikuwa imezima njiani tangu jana yake. Geti likafunguliwa na shemeji yangu. Nikaona uwanja umejaa watu."

Mwalimu akaiweka ile karatasi mezani. "Pole sana, baba," akasema, na hakumwita tena mzee. "Taarifa imeshafika juu, siwezi kuifuta. Ninachoweza ni kukuandikia onyo nisikufelishe. Lakini lazima uandike kwa mkono wako kwamba kosa umelielewa. Kwa maneno yako."

Kalamu ilikuwa nzito kuliko tela. Aliandika polepole: Nimeelewa kwamba pale njiapanda hakuna mtu wa kupigiwa honi. Akatia sahihi. Akakabidhiwa fulana ya kung'aa yenye jina la kampuni, mpya, bado ina mikunjo, akaambiwa safari ni Jumatatu.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipitia njiapanda ileile. Uani alimkuta kitindamimba wake, binti mshonaji wa kibanda cha jirani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uzi bado umeninginia shingoni. Pembeni yake palikuwa na ndoo nyingine inayotoa mvuke.

"Nilisikia honi," binti akasema. "Nikaacha cherehani, nikakimbia kubandika maji. Yalipoanza kuchemka ndipo nikakumbuka kwamba huna lori. Halafu nikakumbuka na mengine." Akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja.

"Nimepata kazi, mwanangu."

"Afadhali, baba. Afadhali kabisa."

"Lakini honi ile sitapiga tena. Nimetia sahihi."

Binti akamtazama. "Sasa nitajuaje kwamba umerudi?"

"Nitakupigia simu."

"Simu ilikuwepo hata siku ile, baba. Mama alikupigia mpaka akachoka. Akaniambia niache simu, eti atasikia honi."

Hilo hakuwahi kuambiwa. Aliweka fulana mpya juu ya kamba ya nguo, akainua ndoo ya maji, akaingia bafuni na kufunga mlango. Binti alikaa palepale uani akisubiri kusikia maji yakimwagika. Alisubiri mpaka yakapoa.