Mama Alipotoka Kanisani Ndani ya Filamu

Walipokuja kupiga filamu mtaani kwetu, Likasi, mama alikubali kukaa kwenye benchi na wanawake wengine, wajifanye waumini. Hadithi yenyewe ilimhusu mchungaji aliyechimba madini chini ya kanisa lake mwenyewe, lakini hilo hatukuambiwa. Tuliona taa kubwa tu, na kanisa la zamani lisilotumika likawa jeupe ndani kama limejazwa maziwa.

Katikati ya mahubiri, mama alikumbuka maharagi aliyoyaacha kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Akainuka, akakaza kitenge, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Baadaye mwongozaji alimshukuru, akasema kipande hicho atakiacha kama kilivyo.

Filamu ikaonyeshwa Lubumbashi mara moja tu, na kelele zikaanza. Wachungaji walisema ni matusi. Wachimbaji walisema ni ukweli, tena umepunguzwa. Sisi wa Likasi, ambao hatukuwa tumeona kitu, tuliahidiwa kwamba itawekwa mtandaoni mvua zikikatika. Mvua zikakatika. Wakasema baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, jakaranda zikachanua, vumbi jekundu la malori likazipaka, na bado tukawa tunaambiwa karibuni. Wengine walidai makanisa yameizuia; wengine, kwamba wenye filamu wamegombana wao kwa wao.

Katika kungoja huko filamu ilizidi kukua. Sokoni nilisikia kwamba mama anamtemea mchungaji mate. Kwa fundi viatu, anapindua kapu la sadaka. Dereva mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, asiye na ugomvi wowote na makanisa yetu, alinieleza kwa upole jinsi mama anavyolia akitoka. Alieleza vizuri mno, hata nikaanza kuyaona machozi. Nikilala mchana nilimwota mama akipita mlango baada ya mlango, kitenge chake kikizidi kufifia, nami namfuata nisimfikie.

Kanisani kwetu walimwomba mama apumzike kuimba kwaya kwanza. Mchungaji alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akamuuliza kwa nini alitoka.

"Miye nilitoka juu ya maharagi," mama akamwambia.

Mchungaji alicheka kidogo, kisha akaona mama hacheki. Akasema basi tungoje filamu itoke, tuone. Kana kwamba filamu ingejua kuliko mama mwenyewe.

Ikatoka Jumamosi moja mchana, bila kutangazwa. Mtaa ukatulia. Katika kila ua watu waliinamia simu moja, na mahubiri yaleyale yakawa yanasikika nyumba hadi nyumba, yakichelewana, kama mwangwi.

Mama hakuwa na maneno mle ndani. Aliinuka, akatembea polepole kuelekea mlango ambao nje yake palikuwa na mwanga mtupu, na mwanga ukamla, mabega kwanza. Hapakuwa na mate wala machozi. Mchungaji wa filamu aliendelea kuhubiri, ila sauti yake ikawa inakwenda mbali.

Mama aliniomba nirudishe nyuma, akajitazama tena.

"Kumbe niko natembea hivi?" akauliza. "Tangu zamani?"

Nikasema ndiyo, ingawa sikuwahi kuangalia.

Kesho yake waliopiga kelele sana walisema filamu ni ndefu, tena inakwenda polepole. Mchungaji wetu alimwita mama arudi kwenye kwaya, kwa kumtuma mtu mwingine, na mama aliacha Jumapili kadhaa zipite ndipo akarudi.

Lakini jirani wa nyuma ya ukuta, mke wa mfanyabiashara, ambaye tulikuwa tukisalimiana naye tu, alikuja akakaa na mama kwenye mkeka, akamsaidia kuchambua majani ya mihogo. Alisema kipande kile amekitazama mara nyingi kwenye simu ya mume wake. Hakuuliza kwa nini mama alitoka. Aliuliza, alipofika nje, alisikia nini.

Mama alikung'uta majani yaliyomwangukia mapajani.

"Upepo," akasema. "Na njaa kidogo."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, akavuta fungu jingine la majani karibu yake.