Ombi Langu Wiki ya Kuomba Mvua

Mwaka ule mvua ilikatika mwezi wa pili, uwele ukiwa ndio kwanza unachanua. Mchungaji akatangaza wiki ya maombi. Kanisa letu la Mkonze likajaa kila jioni, mama yangu benchi la pili, nami pembeni yake.

Mimi sikulima uwele. Nilikuwa na nusu eka ya zabibu, na zilikuwa zimeanza kuiva. Mvua ikizikuta katika hali hiyo zinapasuka, zinaoza, na mnunuzi hashuki hata garini. Msimu uliotangulia nilimwaga mavuno yote. Nilikonda kwa mawazo, na mtu akinijulia hali namjibu kwa ukali.

Kwetu watu wakipiga magoti kila mmoja huomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja. Kelele ile ilinifaa. Mama alilia, "Baba, tuangalie sisi wa jembe." Nami, bega kwa bega naye, niliomba: Bwana, izuie. Wiki tatu tu. Nilitokwa na machozi ya kweli. Sijawahi kuomba vile tena.

Haikunyesha kwa wiki tano. Zabibu zilitoka safi. Uwele wa mama ulikauka, tukaingiza mbuzi shambani.

Nilijiambia kwamba mvua haimsikilizi mtu mmoja. Hata hivyo nilipompelekea mama unga sikuweza kukaa, nilisimama mlangoni kama mgeni. Alinishukuru mpaka nikakereka, kisha nikajichukia kwa kukereka.

Jumapili ya shukrani alikuja na beseni la uwele, wa akiba ya mwaka wa nyuma, ndio uliokuwa umebaki nyumbani kwake. "Natoa kwa ajili ya zabibu za mwanangu," aliliambia kanisa. "Kwangu Mungu amenyamaza, lakini kwake amejibu."

Baada ya ibada sadaka za mazao hunadiwa nje. Mzee wa kanisa aliliinua lile beseni na kunitazama, na wote wakanitazama. Ningefanyaje? Nikataja bei ambayo hakuna aliyethubutu kuizidi. Wakanipigia makofi.

Mama alinishika mkono mbele yao.

"Huyu anajua kuomba," aliwaambia. "Wiki ile nilikuwa pembeni yake. Alilia kuliko mimi mwenye shamba."